Tunaomba Mkalimani Mtu Mzima

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Msimamizi wa Madarasa ya Lugha. Mwalimu wetu mpendwa. Wazazi wenzetu mliojibana kwenye viti visivyowatosha. Na nyinyi watoto, ambao leo kwa mara ya kwanza mnatakiwa kusikiliza tu: itifaki tumeizingatia kadiri viti vilivyoruhusu.

KARIBU

Sisi wazazi wa darasa la Kiingereza la watoto, hili la ghorofani, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua ngazi zetu ni nyembamba na zina kona kali, na tumekuona ukihema mlangoni. Usione haya. Humu kila mtu huingia akihema. Chini yetu kuna fundi baiskeli. Akijaribu kengele huko chini, watoto huku juu hufunga madaftari wakidhani kipindi kimekwisha. Mwalimu ameshuka kumsihi mara mbili. Fundi amekubali kujaribu kengele asubuhi tu, ila wateja wake hawajaambiwa.

Risala hii tunaisoma kwa lugha yetu ya Kiswahili, na tafsiri yake unayo mkononi. Imeandikwa na mtu mzima na ikakaguliwa na mtu mzima mwingine. Sababu ya tahadhari hiyo utaielewa huko mbele.

TULIVYOANZA

Darasa hili lilifunguliwa miaka sita iliyopita kwa ajili ya watoto wa wageni kama sisi, ili wasiachwe nyuma huko shuleni kwao. Hukutana siku tatu kwa wiki, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Lina nafasi ishirini na mbili, na nje ya mlango daima ipo orodha ya watoto wanaosubiri mmoja wa waliomo apungue.

Sisi wazazi tulitoka kwetu na Kiswahili cha kutosha kuposa, kugombana na kuzika. Kiingereza tumekiokota huku huku kazini, punje moja moja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Dereva anajua kushoto na kulia. Mpishi anajua moto na chumvi. Na wote tunajua "yesi, bosi", nalo limetutosha, kwa sababu kazini hakuna anayetuuliza zaidi ya hapo.

Watoto wetu hawakuokota, walimeza. Mwaka mmoja tu, wakawa wanapayuka usingizini kwa Kiingereza, sisi tumesimama pembeni tusijue kama ndoto ni mbaya au nzuri. Basi ikawa barua ikija, mtoto anasoma. Daktari akisema, mtoto anaeleza. Mwenye nyumba akigonga, mtoto anatangulia mlangoni. Mtoto ndiye aliyekuwa posta, wakili na msemaji wa familia, na bado hajaota magego. Hatukuona ubaya. Tulijivuna.

Mgeni rasmi, ili uelewe tulipojikwaa, tunaomba tukusimulie habari ya mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa yeye mwenyewe. Binti yake naye ametupa ruhusa, kwa sharti kwamba tuseme siku hizi amebadilika. Amebadilika.

YALIYOMPATA MWENZETU PASI

Mwenzetu huyu ni dobi katika hoteli kubwa karibu na stesheni. Kutwa nzima hupiga pasi shuka na foronya, na sisi tunamwita Pasi, kwa kuwa hata soksi zake zina mstari. Binti yake ana miaka tisa. Mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu ambayo ukikaa naye dakika moja utaigundua, na ukikaa naye dakika mbili utaanza kutafuta pa kuzimia.

Barua ya kwanza ya Mwalimu ilisema kwamba Redio anaongea mno kipindi kikiendelea, na mzazi anaombwa aongee naye. Redio aliisoma kimya, akakohoa, akasema, "Baba, Mwalimu anasema naongea sana darasani. Anaomba na nyumbani mniache niongee."

Pasi alifurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono. Alikuwa na kitambaa cha meza alichopewa hotelini kwa ajili ya doa dogo lililokataa kutoka. Alikipiga pasi mpaka kikakaribia kusimama chenyewe, akampa Redio ampelekee Mwalimu kwa shukrani. Mwalimu alikuwa ameandika malalamiko. Akajibiwa kwa kitambaa cha meza. Alikaa nacho akikigeuza huku na huku. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kuona mzazi wa namna hiyo.

Barua ya pili ilisema Redio hajaleta kazi ya nyumbani wiki tatu mfululizo.

"Anasema," Redio akaeleza, "kwa upande wangu, kazi ya nyumbani ya wiki tatu haipo."

"Haipo hata moja?"

"Hata moja, baba."

"Maliza hivyo hivyo, mama. Usilimbikize."

Hapo, mgeni rasmi, kwa haki ya mtoto, hakutamka uongo wowote.

Barua ya tatu ilikuwa fupi, na maneno mawili yalikuwa yamepigiwa mstari. Mzazi afike Alhamisi saa tisa. Hali ikibaki hivi, nafasi ya Redio atapewa mtoto mwingine kwenye orodha. Safari hii Redio aliisoma mara mbili, na sauti yake, ambayo kwa kawaida inasikika mpaka kwa fundi baiskeli, ikashuka.

"Unaalikwa Alhamisi kutembelea darasa. Lakini kama una kazi, si lazima."

"Ameandika si lazima?"

"Ameandika. Mpaka ameipigia mstari."

Pasi akaichukua barua akaitazama ile mistari. "Mwanangu," akasema, "mimi baba yangu aliitwa shuleni mara nne, na mara zote nne alirudi ameshavua mkanda. Leo katika ukoo wetu mzazi anaitwa kwa wema, halafu nisiende?"

"Nenda, baba Redio," mkewe akasema kutoka jikoni. "Na vaa koti lile la harusi."

Kuomba ruhusa kazini haikuwa rahisi. Pasi alimwendea msimamizi wake akiwa na picha ya Redio. Akaionyesha picha, akajionyesha kifua, akaonyesha mlango, na kwa kuwa furaha ilikuwa imemjaa, machozi yakamlengalenga. Msimamizi akadhani amefiwa. Akamkumbatia na kumpa siku nzima.

Alhamisi ikafika. Pasi alipanda ngazi hizi hizi akiwa na koti la harusi, viatu vinavyong'aa, na hotuba aliyoikariri siku tatu mbele ya shuka za hoteli. Mwalimu alimwonyesha kiti. Kiti ndicho hiki hiki mnachokijua. Alipokaa, magoti yakamfikia masikioni, lakini alitabasamu, kwa maana mgeni hachagui kigoda.

Kipindi kilikuwa cha picha. Mwalimu ananyanyua picha ya ng'ombe, anauliza kama ni ng'ombe au ni mbwa, watoto wananyoosha vidole. Pasi naye akanyoosha. Mwalimu, kwa adabu, akampa nafasi.

"Yesi, bosi!" akajibu Pasi kwa sauti ya kiume.

Darasa likalipuka. Picha ya pili akanyoosha tena, na jibu likawa lile lile. Watoto wakaona jibu hilo ni tamu kuliko majibu yao yote. Mpaka nusu saa inapita, Mwalimu akiuliza kama ni kijiko au ni uma, watoto ishirini na mmoja na baba mmoja wanaitikia, "Yesi, bosi!" Redio peke yake ndiye aliyekuwa kimya. Alikuwa akitazama saa ya ukutani.

Watoto walipotoka, wakabaki watatu: Mwalimu, Pasi, na Redio katikati yao kama kizingiti. Nje kwenye ukumbi alikuwapo mama mmoja wa usafi akideki. Leo watoto wanamwita Shangazi Ndoo, lakini siku ile hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno, kwa kuwa kampuni yake ilikuwa imemkataza kuzungumza na wazazi.

Mwalimu akaanza kusema. Alisema kwa utaratibu, kwa muda mrefu, akihesabu mambo kwa vidole, na mwisho akatikisa kichwa.

"Anasema nini?"

"Anasema amefurahi kukuona."

"Maneno yote yale?"

"Kiingereza ni kirefu, baba."

"Mbona amekunja uso?"

"Huku ndivyo wanavyofurahi."

Pasi akasimama. Kiti nacho kikasimama, kimemng'ang'ania nyuma; akakibandua, akakiweka chini kwa heshima, akatoa hotuba. Alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alisema yeye hakusoma mbali, alisoma mpaka pale mto ulipofurika ukachukua daraja, na daraja lilipojengwa alikuwa ameshaota ndevu. Alisema kama Mwalimu anaona binti amefika mahali pa kusogezwa mbele, basi asisite kumsogeza.

Redio akamgeukia Mwalimu. "Baba anasema samahani sana," akatafsiri. "Anaomba nipewe mwezi mmoja mwingine."

Mwalimu alimtazama huyu mzazi aliyeomba msamaha huku meno yote yakiwa nje, akaona huenda ndivyo watu wa kwao wanavyohuzunika. Lakini orodha ilikuwa ndefu, na sheria ya ofisi, mgeni rasmi, unaijua kuliko sisi. Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu yenye mhuri, akamwonyesha Pasi pa kutia sahihi.

"Cheti!" akasema Pasi. "Mama yako leo atalia."

Akatoa kalamu. Redio, msemaji wa familia, akamvuta baba mkono wa koti. Kalamu ikagusa karatasi.

"Kaka! Weka kalamu chini!"

Wote wakageuka. Mlangoni alisimama yule mama wa usafi, dekio mkononi, maji yakimchuruzikia viatuni.

"Hicho si cheti, kaka yangu. Hiyo ni karatasi ya kumtoa mtoto darasani. Ukitia sahihi, kesho kiti chake kina mtu."

Pasi alibaki na kalamu hewani. "Dada, kumbe unajua Kiswahili?"

"Nakijua. Na Kiingereza nimekisikia kutwa hapa mlangoni miaka minne. Barua zako zote nimemsikia binti yako akizifanyia mazoezi ya kutafsiri pale kwenye ngazi, kabla hajakuletea nyumbani. Nilikuwa nikicheka ndani ya ndoo. Lakini leo si ya kucheka." Akaingia, akaegemeza dekio ukutani, akaeleza yote mawili: kwa Pasi aliyoyasema Mwalimu, na kwa Mwalimu aliyoyasema Pasi. Alieleza na kitambaa cha meza. Mwalimu akaketi juu ya dawati la mtoto, akavua miwani.

Pasi hakufoka. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya binti yake. "Redio," akasema, "ni kweli?"

Redio akaitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka.

"Kazi gani hiyo iliyokushinda wiki tatu? Wewe, hesabu hazikushindi."

Kazi yenyewe, akasema, ilikuwa ni kuzungumza Kiingereza na mzazi nyumbani, robo saa kila siku, kisha mzazi atie sahihi.

"Sasa hilo nalo ni la kuficha?"

"Siku ile kwenye duka la dawa," Redio akasema, "ulipoomba dawa ya kikohozi. Ulisema kwa Kiingereza, wale wawili nyuma ya kaunta wakacheka. Wewe hukuwaona. Mimi niliwaona. Tukizungumza nyumbani ningelazimika kukusahihisha. Nani anamsahihisha baba yake?"

Shangazi Ndoo alianza kumtafsiria Mwalimu, akafika katikati akasita, akajifuta uso kwa aproni, akaendelea.

Pasi alikaa chini sakafuni, koti la harusi na yote, kwenye maji ya kudekia.

"Niliwaona, mama," akasema. "Niliwaona wanacheka. Nilijifanya sikuona ili wewe usijue."

Wakatazamana. Miezi mitano tangu siku ile ya dawa walikuwa wamebeba mzigo mmoja, kila mmoja akimficha mwenzake upande wake. Halafu Pasi akasema, "Shuka ikitoka na mkunjo huwa siionei aibu. Naipiga tena. Sasa wewe nisahihishe. Na uanze leo."

Mwalimu aliichukua ile fomu akairudisha kwenye mtoto wa meza. Akasema kupitia kwa Shangazi Ndoo kwamba anatoa wiki mbili, na katika wiki hizo robo saa zote zilizopotea zirudishwe, na sahihi ziwe za kweli.

Zilirudishwa. Mkewe Pasi anasimulia kwamba jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta mumewe amesimama kwenye kona, amelielekea jokofu, mikono nyuma.

"Umefanya nini tena?"

"Nimekosea wingi wa mtoto," akajibu bila kugeuka. "Kwa Kiingereza kuwataja ni kugumu kuliko kuwalea."

"Usimsemeshe, mama," Redio akasema kutoka mezani. "Bado dakika mbili."

Wiki ya pili ilipokwisha, Mwalimu alipokea daftari lenye sahihi thelathini na tano, zote zimenyooka kama zimepigwa pasi. Redio alibaki kwenye kiti chake.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, habari hiyo ilipoenea, kila mmoja wetu alirudi nyumbani akamtazama mkalimani wake kwa jicho jipya. Tukagundua mengi. Mtoto wa dereva alikuwa ametangaza kwamba shule imepiga marufuku watoto kuosha vyombo siku za masomo. Mapacha wa mpishi walikuwa wamesherehekea sikukuu za taifa kumi na moja ndani ya muhula mmoja, zote zikiangukia Jumatatu. Mzazi mmoja, ambaye hataki tumtaje na ambaye anasoma risala hii, alikuwa akinunua peremende kila wiki kwa maagizo ya daktari wa meno.

Tukacheka, lakini si kwa muda mrefu. Maana tulijiuliza pia ni mara ngapi hao hao watoto walitafsiri habari nzito, majibu ya vipimo, onyo la mwenye nyumba, wakaipunguza makali ili sisi tule chakula kwa amani. Hilo hatukupata hesabu yake. Tulipowauliza, kila mtoto akaangalia pembeni.

Ndipo tukaunda umoja huu. Kila Jumanne wazazi kumi na wanne hukaa nyuma ya darasa na kujifunza pamoja na watoto. Dereva sasa anajua na kunyooka mbele. Mmoja wetu wiki iliyopita aliulizwa na bosi wake kama anaweza kufanya kazi siku ya mapumziko yake, akajibu kwa neno moja la Kiingereza ambalo halikuwa "yesi". Bosi, anasema, alimtaka alirudie. Akalirudia.

CHANGAMOTO

Viti vitatu vimevunjika, kimoja chini ya Pasi. Fundi baiskeli ameviunga kwa pampu na waya, lakini vikikaliwa vinatoa pumzi.

Changamoto ya pili inatuuma zaidi. Kila mkutano wa Mwalimu na mzazi, anayetafsiri ni Shangazi Ndoo. Huacha ndoo, hutafsiri, hurudi kwenye ndoo. Kampuni yake imeshampa barua mbili za onyo kwa kosa la kuzungumza na wazazi. Alizisoma mwenyewe, kwa hiyo zina hakika. Ya tatu ikija, tutakosa sauti na yeye atakosa kazi.

Na la tatu, mgeni rasmi, ni kuhusu ujio wako. Barua ya ofisi yako tuliipata kwa kuchelewa, na siku hiyo Shangazi Ndoo hakuwapo. Mtoto wa kwanza aliisoma akasema unakuja kutuongezea chumba. Wa pili aliisoma akasema unakuja kukifunga hiki, watoto wahamie jengo lililo ng'ambo ya mji, ambako mabasi mawili hayatoshi. Shangazi Ndoo aliporudi barua ilikuwa imeshapotea mikononi mwa watoto, na Mwalimu hakuletewa nakala, basi tumekaa siku nne kati ya tafsiri hizo mbili. Wengine wamepaka ukuta rangi kwa ajili ya ile ya kwanza. Wengine hawakula kwa ajili ya ile ya pili.

MAOMBI

Tunaomba darasa hili libaki hapa. Mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka mji peke yake, na sisi, ukitoa hiyo Jumanne tunayoiombea ruhusa, saa tisa tuko kazini.

Tunaomba mkalimani mtu mzima, mwenye ajira. Hatutaki kukuchagulia, lakini akihitajika mtu mwenye uzoefu wa miaka minne ya kusikiliza mlangoni, yupo hapa leo. Ukigeuka kidogo kulia utamwona. Ndiye aliyeinamia ndoo akijifanya hasikii.

Tunaomba viti kumi na vinne vya watu wazima.

Na tunaomba jibu lako ulitoe leo, kwa kinywa chako, polepole, ukiwatazama wazazi na siyo watoto. Tutajitahidi kulielewa.

Aya ya mwisho ya risala hii haimo kwenye tafsiri uliyonayo, kwa sababu haihitaji kutafsiriwa. Ataisoma mwenzetu Pasi kwa Kiingereza. Ni sentensi sita, ameziandika mwenyewe. Tunawasihi mliohudhuria msimsaidie. Akikosea, binti yake amekaa mstari wa mbele na ameshaanza kunyoosha kidole. Ana ruhusa ya baba yake.

Mgeni rasmi, Mungu akulinde kwenye ngazi wakati wa kushuka, akupe afya, na kila barua itakayokufikia ikufikie kwa maana yake.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Darasa la Ghorofani